Kifaru alihurumiwa, sisi hapana: Hergé na hadithi yake ya kwanza juu ya Kongo



Ku kurasa hizi tumezoea kusoma juu ya mfuko wa kusaidiana, mashamba na pesa za masomo ya watoto. Mara hii tunaleta historia ya mchoraji mmoja wa Ulaya. Someni polepole, mwishoni mtaona juu ya nini jambo hili linatuangalia sisi waliorudi.

Kila mtu aliyekaa ku kampi anajua kitu hiki: mtu anakuja na gari, anapiga picha, anaandika, anaenda zake. Kisha miaka miwili unaona sura ya jirani yako ku afishi ao ku ripoti. Jina lake halipo. Ameandikwa tu "mkimbizi". Hakuna aliyemuuliza kama anakubali, na hakuna aliyerudi kumuonyesha. Ni mambo ya siku hizi, lakini si mapya. Nchi yetu ilikwisha kuchorwa namna hiyo mbele ya baba zetu kuzaliwa, na mtu ambaye hakukanyaga udongo wake hata siku moja. Mtu huyo aliishi miaka mingi kisha kazi hiyo, aliiangalia tena na tena, na mara kadhaa aliirekebisha. Tuangalie alirekebisha nini, na nini aliacha.

Gazeti la padri

Mchoraji huyo aliitwa Georges Remi. Alizaliwa mwaka wa 1907 ku Brussels, Ubelgiji. Alichukua herufi za kwanza za majina yake, akazigeuza, R ikaja mbele na G nyuma, akazisoma kwa Kifaransa: Hergé. Alikuwa anafanya kazi ku gazeti la Kikatoliki, Le Vingtième Siècle, ambalo lilikuwa linaongozwa na padri Norbert Wallez. Kila siku ya ine gazeti hilo lilikuwa na kurasa za watoto, Le Petit Vingtième, na Hergé ndiye aliyezisimamia. Ndani ya kurasa hizo alizaliwa Tintin, mwandishi wa habari kijana mwenye nywele zilizosimama mbele, pamoja na mbwa wake mweupe Milou. Safari yao ya kwanza ilikuwa Urusi ya Wakomunisti. Ilianza kutoka mwaka wa 1929.

Kisha Urusi, Hergé alitaka kumpeleka Tintin Marekani. Padri Wallez alisema hapana, Kongo kwanza. Ubelgiji ilikuwa na koloni kubwa kuipita yenyewe zaidi ya mara 70, lakini vijana Wabelgiji hawakuwa na hamu nyingi ya kwenda kufanya kazi huko. Hadithi ya picha ilipaswa kuwasha hamu hiyo toka utoto. Basi tangu mwanzo haikuwa mchezo wa watoto tu. Ilikuwa pia namna ya kutafutia koloni watu wa kazi. Ukurasa wa kwanza ulitoka tarehe 5 mwezi wa sita 1930, na wa mwisho tarehe 11 mwezi wa sita 1931. Mwaka mzima, kila juma, watoto wa Ubelgiji walingojea kipande kipya.

Hergé alikuwa na miaka 23 tu. Hakuwa amefika Kongo, na hakufika mpaka kufa kwake mwaka wa 1983. Alitoa Kongo yake ku vitabu, ku magazeti, ku maneno ya watu waliotoka huku, na ku nyumba ya vitu vya kale ya Tervuren, karibu na Brussels. Ndani ya nyumba ile kulikuwa sanamu ya mtu wa anioto, aliyevaa ngozi ya chui na kucha za chuma, anayetaka kumrukia mtu aliyelala. Sisi wa mashariki tunajua habari za anioto kwa vinywa vya wazee. Hergé aliijua kwa sanamu hiyo tu, iliyofanywa na mchongaji Mbelgiji. Akaichukua vile vile, akaiweka ndani ya hadithi.

Kongo ya karatasi na Kongo ya kweli

Ndani ya hadithi, Tintin anapanda meli Thysville, ambayo ilikuwa meli ya kweli, anafika Matadi, anakodi gari, anapata mtoto wa kumsaidia, Coco. Anaua wanyama bila hesabu. Watu weusi wote wanachorwa na sura moja: midomo mikubwa, macho ya kushangaa. Wanasema Kifaransa kilichovunjika. Milou, mbwa, anasema Kifaransa safi. Angalieni vizuri jambo hilo: ndani ya kitabu hicho mbwa anajua sarufi kuliko baba zetu.

Kuna kurasa mbili ambazo zinajulikana zaidi. Ya kwanza ni ya treni. Gari la Tintin linakwama ku reli, treni inaligonga, na treni ndiyo inaanguka, gari linabaki zima. Tintin anawaambia abiria waisimamishe tena. Wanasema wamechoka, wataji chafua. Milou anawakaripia kama wavivu. Ya pili ni ya shule ya misheni. Mwalimu padri ni mgonjwa, Tintin anamsaidia kufundisha, na somo lake ni kuwaambia watoto weusi kwamba atawafundisha juu ya nchi yao, ndiyo Ubelgiji.

Sasa tuweke kurasa hizo karibu na mambo yaliyokuwa yanatendeka huku wakati ule ule. Wakati watoto wa Brussels walicheka wale "wavivu" wa treni, reli ya Matadi mpaka Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, ilikuwa inajengwa upya. Kazi hiyo ilianza mwaka wa 1921 na ikafika karibu mwaka wa 1932. Ilichukua watu toka mbali, wengi wao kwa nguvu, na wengi hawakurudi kwao. Walikufa juu ya kazi ngumu, chakula kibaya na magonjwa. Hawakuwa watu wa kukaripiwa na mbwa.

Na katika mwezi wa sita wa 1931, mwezi ambao hadithi iliisha, Wapende wa Kwilu walisimama juu ya serikali. Bei ya ngazi, zile tunazokamulia mawese, ilianguka juu ya shida ya uchumi ya dunia yote, lakini kodi haikuanguka, na watu waliendelea kusukumwa kukata ngazi kwa pesa kidogo sana. Tarehe 8 mwezi wa sita mtumishi wa serikali, Maximilien Balot, aliuawa. Askari walitumwa, na mamia ya Wapende walikufa. Siku tatu kisha kifo cha Balot, watoto wa Brussels walisoma ukurasa wa mwisho: Wakongomani wanamlilia Tintin aliyeondoka, na wamechonga sanamu yake na ya Milou ili waziheshimu.

Mwezi uliofuata, gazeti lilifanya sherehe ku stesheni ya treni ya Brussels. Kijana aliyevalishwa kama Tintin alishuka mbele ya watu wengi, pamoja na Wakongomani na wanyama, kama vile anarudi kweli toka Kongo. Yeye naye alipokelewa kama mtu aliyerudi, bila kuondoka mahali.

Aliyekutana na Mchina mmoja

Hergé angeweza kubaki vile. Lakini mwaka wa 1934, wakati alijitayarisha kumpeleka Tintin China, watu walimuonya asirudie mambo ya kusikia tu. Alikutanishwa na mwanafunzi Mchina, Zhang Chongren, aliyekuwa anasomea sanaa ku Brussels. Wote wawili walikuwa karibu umri mmoja. Walionana mara kwa mara. Zhang alimuonyesha namna ya kushika kalamu ya manyoya, akamweleza historia ya nchi yake, akaandika kwa mkono wake maneno ya Kichina yanayoonekana ku kuta za picha. Hadithi iliyotoka, Le Lotus bleu, ilikuwa kitu kingine kabisa. Wachina ni watu, wana majina, wana hasira na sababu ya hasira, na uvamizi wa Wajapani unaonyeshwa waziwazi. Kuna hata mahali ambapo Tintin na rafiki yake Mchina wanacheka upumbavu ambao kila upande unaamini juu ya upande mwingine.

Toka hapo Hergé mwenyewe alisema kazi yake ilibadilika: alianza kutafuta habari za kweli mbele ya kuchora. Hapa tuone sababu vizuri. Hakubadilishwa na huruma, wala na mahubiri. Alibadilishwa na mtu mmoja aliyeketi mbele yake ku meza na kumwambia: hapana, kwetu si hivyo.

Kwa Kongo, meza hiyo haikuwekwa. Hakuna Mkongomani aliyeketi.

Marekebisho ya 1946

Toka wakati wa vita ya pili ya dunia, vitabu vya zamani vya Tintin vilichorwa upya kwa rangi, kila kimoja kurasa 62. Mwaka wa 1946 ilifika zamu ya Kongo. Hergé alichukua tena kazi yake ya ujana, akiwa sasa na miaka karibu 40, akiwa na wasaidizi, na kisha kujifunza yale Zhang alimfundisha. Ilikuwa nafasi ya kuanza upya.

Alifanya nini? Somo la "nchi yenu Ubelgiji" liliondoka. Mahali pake Tintin anafundisha hesabu, mbili kujumlisha mbili, na hakuna mtoto anayejibu. Maneno mengine juu ya ukoloni yalipunguzwa. Watu wengi wanakumbuka badiliko hilo la somo na kulisifu. Lakini angalieni: ile ya kwanza ilisema uongo juu ya Ubelgiji, na yeyote anayesoma leo anaona uongo huo mara moja. Ya pili imeficha uongo wa serikali na kubakisha watoto wasiojua mbili na mbili. Aliyelindwa na badiliko hilo ni Ubelgiji.

Kuna badiliko lingine ambalo halisemwi sana. Ndani ya hadithi kuna mwenye chui anayetokea kule shuleni, Jimmy MacDuff. Katika picha za kwanza alikuwa mtu mweusi, kiongozi wa sirki kubwa ya Marekani, bwana mwenye kazi yake. Mwaka wa 1946 Hergé alimgeuza mzungu, mtu anayeuzia wanyama mabustani ya Ulaya. Basi yule mweusi aliyekuwa na biashara ya kwake alifutwa. Wale wenye kubeba mizigo na kuogopa walibaki. Sura zilibaki, midomo ilibaki, Kifaransa kilichovunjika kilibaki. Na treni ilibaki na wavivu wake.

Maneno ya mzee na maisha ya kifaru

Mwaka wa 1971 Hergé alizungumza kwa siku nyingi na kijana Mfaransa, Numa Sadoul, na mazungumzo hayo yalichapishwa kitabu mwaka wa 1975. Juu ya Kongo alisema wazi. Alisema alilishwa mawazo ya watu wa tabaka lake, kwamba mwaka wa 1930 alijua juu ya nchi hii yale tu watu walikuwa wanasema karibu naye, na kwamba aliwachora Waafrika kwa roho ya wakati ule, ya mkubwa anayeangalia watoto. Alisema pia kama ingekuwa kufanya upya, angefanya kwa namna nyingine.

Tunapaswa kumpa haki yake. Wazee wengi wa Ubelgiji wa wakati wake hawakusema hata hayo. Hakuficha kwamba hakujua. Lakini neno "kama ingekuwa kufanya upya" ni zito kulipokea, kwa sababu alifanya upya. Mwaka wa 1946 kalamu ilikuwa mkononi mwake.

Na kalamu ilirudi mkononi tena. Karibu mwaka ule ule mazungumzo yalipochapishwa, wachapishaji wa nchi za Skandinavia walitaka kutoa kitabu kwa lugha zao. Kulikuwa ukurasa mmoja uliowasumbua: Tintin anamtoboa kifaru mgongoni, anatia dinamiti ndani, anamlipua vipande vipande. Walisema watoto wao hawawezi kuona hiyo. Hergé alikubali. Alichora ukurasa mpya: kifaru anaigusa bunduki ya Tintin aliyelala, bunduki inalia yenyewe, kifaru anakimbia mzima.

Wandugu, hapa ndipo jambo lote liko. Kifaru alipata mtetezi. Kuna watu waliosema juu yake, watu wa maana kwa mwenye kuchapa, wenye soko mkononi. Ukurasa ukabadilishwa bila shida. Sisi hatukuwa na mtu ku meza ile, na sura zetu zikabaki vile zilivyokuwa. Si lazima kusema Hergé alikuwa mtu mbaya. Inatosha kuona kwamba mchoraji anarekebisha yale ambayo mtu amemlazimisha kuona.

Kucheka, kushitaki, kuchora

Wakongomani walifanya nini na kitabu hicho? Mambo matatu, na yote yana maana.

La kwanza, walicheka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 jarida la Kinshasa liitwalo Zaïre lilikichapa tena kwa wasomaji wake, likisema kwamba Mkongomani naye anaweza kucheka akiona namna mzungu alimfikiri. Mpaka leo wachongaji wa Kinshasa wanachonga Tintin wa mti na kumuuzia mgeni. Mchongaji anajua mgeni anapenda nini, na Tintin analipia watoto wake masomo. Kile kilichochorwa kama ibada ya sanamu kimekuwa biashara yetu.

La pili, walishitaki. Mwaka wa 2007 Bienvenu Mbutu Mondondo, Mkongomani aliyekuwa anaishi Ubelgiji, alienda mbele ya sheria ku Brussels kuomba kitabu kikatazwe ao angalau kiwekewe maneno ya kuonya. Mwaka wa 2012 tribinali ilikataa, na alipokata rufaa alishindwa tena. Waamuzi walisema kitabu ni cha wakati wake na hakikuandikwa kwa nia ya kuchochea chuki. Alishindwa, lakini kwa miaka mitano watu wa Ulaya walilazimika kujibu swali ambalo mbele waliliruka.

La tatu, walichora wenyewe. Wakati wa ukoloni, jarida la serikali, Nos Images, lilionyesha familia ya Mbumbulu, kufundisha Mkongomani "aliyeendelea" namna ya kuvaa na kuishi. Hapo pia kalamu ilikuwa ya mkubwa. Lakini mwaka wa 1968, ku Kinshasa, jarida Jeunes pour Jeunes lilianza kutoa hadithi za picha zilizochorwa na Wakongomani, kwa lugha ya vijana wa mitaani, na polisi Apolosa aliyewachekesha watu kwa sababu walimjua. Na toka Kisangani alitokea Barly Baruti, aliyezaliwa mwaka wa 1959, ambaye alienda kujifunza hata ku studio ya Hergé mwenyewe huko Brussels. Alirudi na ufundi, si na sura zile.

Mwaka wa 2014 Baruti, pamoja na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie, alitoa Madame Livingstone, hadithi ya vita ya kwanza ya dunia ku ziwa letu la Tanganyika. Rubani Mbelgiji anakuja kutafuta meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, na anayemwongoza ni mtu wa huku, anayejua nchi, lugha na siri kuliko yeye. Mzungu ndiye anayejifunza. Na ile meli ya kitabu, wengi wetu tunaijua kwa jina lingine. Wajerumani waliizamisha mwaka wa 1916, Waingereza wakaitoa majini, wakaiita Liemba. Mwaka wa 1997 ndiyo iliyorudisha maelfu ya wakimbizi wetu toka Kigoma mpaka Uvira.

Meli hiyo imechorwa na mtu wa kwetu. Kurudi kwetu bado hakujachorwa.

Ndiyo maana komite ya elimu inaleta maombi mawili kwa wanachama. Kwanza, mgeni akija kutupiga picha ao kutuchora juu ya ripoti yake, tumuulize mbele: nani ataona picha hii, itaandikwa nini chini yake, na lini utarudi kutuonyesha? Akikosa kujibu, tuko na haki ya kukataa. Tusingoje miaka 40 aseme angefanya namna nyingine. Pili, vijana wenye mkono wa kuchora waje wakae na wazee wasikilize habari za kukimbia na za kurudi: kampi, ziwa, siku ya kufika, shamba tulilokuta limekaliwa na wengine. Wachore, wazee waangalie, na mzee akisema "hapana, haikuwa hivyo", ukurasa ufanywe upya. Karatasi na kalamu ziko ku biro ya chama. Zile zitakazokuwa tayari tutazitoa humu, ukurasa mmoja kila toleo, na jina la kila mtu chini ya sura yake, kama amekubali.